FLAC haifufui MP3

Wiki iliyopita nililetewa flashi imejaa taarab, faili zote FLAC, yaani aina ya faili inayobana sauti bila kutupa chochote, pamoja na maneno ambayo sasa yamenichosha: "Hizi nimeshazipandisha ubora, fundi." Wimbo wa dakika 10 una zaidi ya MB 50. Nikaufungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikatazama spektrogramu, picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu. Juu ya kHz 16 hamna kitu, weusi mtupu, pamekatwa kama kwa wembe. Kanda haifi hivyo. Kwenye kanda sauti za juu hufifia polepole, na mvumo wa kanda wenyewe huendelea kupanda. Ukuta ule ni wa MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde), iliyokuwa na MB 10 tu kabla haijageuzwa.

MP3 hubana kwa kutupa. Hukisia sauti ambazo sikio halitazigundua, ikazifuta, na kilichofutwa hakimo tena popote ndani ya faili. Vaa hedifoni usikilize pigo moja la dumbaki: kufumba na kufumbua kabla ya pigo, unasikia mchakacho kama mchanga unaomwagwa. Igeuze MP3 hiyo kuwa FLAC, na FLAC itautunza mchanga ule kwa uaminifu wote, tarakimu kwa tarakimu.

Nafasi ya diski si hoja. Ubaya uko kwenye jina. Mteja mmoja aliona folda imeandikwa FLAC, akaamini ana nakala kamili, akawaachia watoto kaseti za marehemu baba yake wachezee. Wakavuta tepu zote nje. Nyingine zilirekodiwa harusini na hazipo kwingine kokote duniani. Mpaka leo inaniuma. Jamani, hata kama mmeshageuza, kaseti msitupe!

Mengine nayapitia haraka. Namba 0 hadi 8 unazochagua unapobana FLAC hazihusu ubora. 8 hubana kwa muda mrefu zaidi, faili ikapungua kidogo, basi. WAV, faili ya sauti isiyobanwa, haisikiki vizuri kuliko FLAC, kwa sababu FLAC ikifunguliwa hutoa namba zilezile. Wenye iPhone watumie ALAC, ndugu ya FLAC kutoka Apple. Apple iliiachia huru mwaka 2011, na kuirudisha kuwa FLAC hakupotezi chochote.

Kwa nini basi natumia FLAC, ilhali IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inapendekeza WAV? Kwa sababu FLAC hujikagua. Ndani yake mna alama ya MD5 iliyokokotolewa kutokana na sauti yenyewe kabla haijabanwa. Mwaka jana niliendesha flac -t, amri ya kukagua alama hiyo, kwenye diski zangu zote, faili moja ikagoma, nikairejesha kutoka nakala ya pili. Ingekuwa WAV ingenyamaza, nami ningeendelea kunakili uharibifu. Tena WAV ya kawaida hugota kwenye GB 4. Kwa stereo ya biti 24 na kHz 96, yaani sauti inayopimwa mara 96,000 kila sekunde, hizo ni saa 2 na dakika chache, na usiku wa harusi hauishi hapo.

Ninapokosa utulivu ni kwenye hiyo kHz 96. Santuri narekodi kwa 24/96 (biti 24, kHz 96), kaseti kwa 24/48. Kaseti nyingi za nyumbani juu ya kHz 15 zina mvumo tu, na mvumo hautabiriki, kwa hiyo FLAC inashindwa kuubana. Nanunua diski za kuwekea kelele. Lakini huenda kesho akatokea mtu mwenye programu ya kuitumia kelele hiyo kusafishia rekodi, akute nimeshaikata. Kaseti kadhaa ninazozithamini nimezirudia kwa 96, na bado sijaridhika na uamuzi wangu kwa zilizobaki.

Na hayo yote huja baada ya bisibisi. Kabla ya kurekodi kaseti yoyote naiweka mono, nazungusha skrubu ya kichwa cha deki taratibu, huku nikisikiliza, mpaka matoazi yang'ae. Kichwa kikikaa upande, sauti za juu zinapotea kabla hata hazijafika kwenye kompyuta. Mwenye flashi nimemrudishia flashi yake. Nimemwomba akatafute kaseti.