Karata ya Tisa: Ninavyochagua na Kucheza Fungu la Magic Ijumaa Usiku

Niondoe kwanza utata wa jina. Mchezo tunaoucheza kila Ijumaa usiku katika duka la michezo ninakosimamia meza hapa Leicester, Uingereza, huitwa drafti, lakini hauhusiani hata kidogo na ile drafti ya vizibo vya soda tuliyoicheza barazani utotoni. Hii ni namna mojawapo ya kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Katika drafti mchezaji haji na karata zake kutoka nyumbani, bali hulijenga fungu lake palepale mezani kutokana na pakiti ambazo hakuna aliyezifungua. Aliyezoea wahedi wa sitini, ambako mgawaji ndiye anayekupa bahati yako, atashangaa kuona kwamba hapa nusu ya kazi hukamilika kabla karata hazijachangwa.

Kwa kawaida watu 8 huizunguka meza, kila mmoja akiwa na pakiti 3 za karata 14. Unafungua ya kwanza, unachagua karata moja, unamsogezea jirani wa kushoto zilizobaki, na wakati huohuo jirani wa kulia anakusogezea zake. Mnaendelea hivyo hadi karata ziishe. Pakiti ya pili huzungushwa kuelekea kulia, na ya tatu hurudi kushoto. Mwishowe una karata 42 na utatumia 23 hivi, kisha unaongeza ardhi 17 ambazo duka hutoa bure ili kutimiza fungu la karata 40. Ardhi ndizo zinazozalisha mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine, na huruhusiwi kuweka zaidi ya moja kwa zamu. Rangi ni tano, nazo ni nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani, na mwenye busara hutulia kwenye mbili.

Mgeni huzama katika thamani ya karata aliyoishika, ilhali habari kubwa zaidi imo katika zile anazoletewa. Wiki iliyopita tulifungua pakiti za Foundations, toleo la Novemba 2024. Karata yangu ya kwanza ilikuwa Serra Angel, malaika mweupe anayeruka, mwenye nguvu 4, yaani madhara anayotoa, na ustahimilivu 4, yaani madhara yanayotosha kumuua. Ya pili ilikuwa Burst Lightning, radi nyekundu ya mana moja inayoweza kumuua kiumbe mdogo. Nikajiona tayari mtu wa nyeupe na nyekundu. Katika pakiti ya sita nikakuta Llanowar Elves, kiumbe wa kijani wa mana moja anayezalisha mana kila zamu, ambaye mchezaji yeyote wa kijani angemnyakua mapema. Watu watano walikwisha kuishika pakiti ile kabla yangu na wote wakamwacha.

Uchaguzi wa tisa ndio ulionithibitishia. Meza ikiwa na watu 8, pakiti uliyoifungua mwenyewe hukurudia ikiwa na karata 6, na kama ulikuwa makini unakumbuka kilichokuwamo. Karata zote tatu za kijani nilizoziacha zilikuwa bado zimo. Nyeupe hazikusalia hata moja. Maana yake ni kwamba watu wote saba walikuwa wameikwepa kijani. Hapo nikamweka malaika wangu pembeni, na sikumtumia tena usiku ule. Wachezaji wengi hushindwa hatua hii, kwa sababu karata ya kwanza huleta mapenzi ya haraka, na mtu huendelea kuokota nyeupe hafifu ili tu asikiri kwamba chaguo lake la mwanzo limepotea. Tena, unachokiacha nacho kina athari: nilipomnyima jirani wa kushoto kijani katika pakiti ya kwanza, nilimsukuma kwenye rangi nyingine, na katika pakiti ya pili, mzunguko ulipogeuka, yeye ndiye aliyenilisha.

Kufikia pakiti ya tatu nilikuwa na viumbe wakubwa wa kutosha, lakini wa mana mbili walikuwa watatu tu. Pakiti moja ikaniletea Burst Lightning nyingine pamoja na kiumbe wa kawaida kabisa wa kijani, mana mbili, nguvu 2, ustahimilivu 2. Nilimchukua kiumbe, nikampisha radi jirani wa kushoto. Fungu lisilo na la kufanya katika zamu ya pili na ya tatu hupigwa likiwa bado linajiandaa, hata likiwa na majoka mangapi.

Kuhusu ardhi, niliweka 16 badala ya 17 kwa kuwa nilikuwa na Llanowar Elves wawili. Punguzo hilo lina gharama yake: ukiwa na ardhi 17 katika karata 40, uwezekano wa kuanza na ardhi moja au bila ardhi katika karata 7 za mkononi ni takriban asilimia 10.5, ukiwa na 16 hupanda hadi 13.4. Katika raundi ya pili, mchezo wa pili, niliona maana ya tofauti hiyo. Mkononi nilikuwa na ardhi moja na Llanowar Elves mmoja, nami nikaanza. Sheria inaruhusu kurudisha zote, kuchota 7 nyingine na kuweka moja chini ya fungu, na mgeni yeyote mezani kwangu ningemwagiza afanye hivyo. Mimi nikabaki nazo. Mpinzani akamuua Elves katika zamu yake ya kwanza, nami nikakaa na karata zimejaa mkononi hadi mchezo ukaisha.

Mpinzani mwenyewe alikuwa yule jirani wa kushoto. Katika mchezo wa tatu alibakiwa na uhai 4 kati ya 20 wa kuanzia. Mimi nilikuwa na yule kiumbe wa mana mbili uwanjani na Giant Growth mkononi, karata inayomwongezea kiumbe nguvu 3 na ustahimilivu 3 kwa zamu moja. Mbili na tatu ni tano, hesabu ilitimia, ila yeye aliacha mlima mmoja, yaani ardhi ya mana nyekundu, ambao hakuutumia. Katika Magic, karata iliyowekwa mwisho hutekelezwa kwanza, kama sahani zilizopangwa. Ningeitumia Giant Growth, naye angemjibu kiumbe wangu kwa radi kabla nyongeza haijafika, na ningepoteza karata mbili kwa moja yake. Nikajizuia kwa zamu mbili nzima, nikila mapigo. Zamu ya tatu alichoka kusubiri, akatumia mana zake zote na kushambulia na viumbe wake wote. Zamu yangu ilipofika hakuwa na mlinzi aliye huru, nikashambulia, nikaiweka Giant Growth.

Alinyoosha mkono, tukapeana, kisha akageuza karata yake ya mwisho. Ilikuwa Burst Lightning niliyompisha. Mpaka leo sijaamua kama nilichagua vizuri.