Je, wajua jinsi kinanda chenye RAM ya gigabaiti 2 kinavyopiga piano isiyoenea ndani ya RAM hiyo?

Mwaka 2011 kampuni ya Korg ya Japani ilitoa kinanda kiitwacho Kronos, ambacho kwa nje hufanana na vinanda vingine vya jukwaani, lakini ndani yake kuna kompyuta kamili: prosesa ya Intel Atom D510 yenye viini viwili, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2 na SSD (hifadhi ya kudumu) ya gigabaiti 30. Miongoni mwa sauti zake zimo piano mbili kubwa, moja ya Kijerumani na nyingine ya Kijapani, zilizorekodiwa kwa urefu wake wote bila kufupishwa, na rekodi hizo kwa pamoja ni kubwa kuliko nafasi yote ya RAM iliyomo. Hata hivyo, mpigaji akibonyeza noti yoyote, sauti hutoka papo hapo. Hilo linawezekanaje?

Mwenye kutaka kununua kinanda cha aina hii kilichokwisha kutumika ana sababu ya kulijua jibu. Mara nyingi jambo la kwanza linalomjia ni kukiongezea kumbukumbu, kama watu wanavyofanya kwenye laptopu iliyochoka. Wazo lenyewe si baya, ila RAM na SSD hufanya kazi mbili zisizofanana ndani ya kinanda, na anayezichanganya hutumia fedha mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Tuanze na ukubwa wa sauti yenyewe. Sauti ya dijitali ni mfululizo wa namba: vikichukuliwa vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa baiti 2, na kukiwa na mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, sekunde moja ya sauti huchukua baiti 192,000. Sasa tufikirie piano yenye noti 88. Noti inayopigwa kwa upole haitofautiani na inayopigwa kwa nguvu kwa ukubwa wa sauti pekee, kwa sababu nyundo ikigonga waya kwa nguvu huamsha mitetemo ya juu ambayo mguso mwepesi hauiamshi kabisa. Kwa hiyo anayerekodi hulazimika kuichukua kila noti mara kadhaa, tuseme kwa viwango 8 vya mguso. Hizo ni rekodi 704. Zikiachwa zilie hadi zififie zenyewe, kwa wastani wa sekunde 20 kila moja, tunapata sekunde 14,080 za sauti, ambazo ni takriban gigabaiti 2.7. Hesabu hii ni ya mfano tu wala si takwimu za Korg, lakini inaonyesha kwamba piano moja iliyorekodiwa kwa uaminifu inatosha kuijaza na kuipita RAM ya gigabaiti 2, kabla mfumo endeshi haujachukua sehemu yake na kabla hatujataja ngoma, vinanda vya kanisani, tarumbeta na fidla.

Watengenezaji wa zamani waliliepuka tatizo hili kwa kubana. Fairlight CMI, iliyotengenezwa Sydney na kutoka mwaka 1979, ilikuwa na kilobaiti 16 tu za kumbukumbu kwa kila moja ya sauti zake 8 zilizoweza kulia pamoja, kiasi kinachotosha sekunde moja hivi ya sauti ya ubora wa wastani. Korg M1 ya mwaka 1988 ilibeba rekodi zake zote za kiwandani ndani ya megabaiti 4. Ili ala zote zienee, noti ilirekodiwa mwanzo wake tu, kisha kipande kifupi cha mwisho kikazungushwa tena na tena huku kikipunguzwa sauti polepole. Msikilizaji makini huweza kuisikia hila hiyo: baada ya pigo la mwanzo, sauti hutulia na kuwa sawa mno, pasipo yale mawimbi madogo yanayoendelea kubadilika ndani ya piano ya kweli. Rekodi za piano za Kronos hazizungushwi hivyo, na ndiyo maana ni kubwa.

Korg OASYS ya mwaka 2005, iliyotangulia Kronos, nayo ilikuwa kompyuta ya Linux, ikiwa na Pentium 4 na diski kuu ya gigabaiti 40. Hiyo ilifuata njia iliyozoeleka, yaani kunakili rekodi nzima kutoka kwenye diski hadi kwenye RAM kabla ya kupiga. Piano yake ya nyongeza ilikuwa na takriban nusu gigabaiti, na mwenye kinanda alipaswa kuamua ni makusanyo gani ya sauti yapakiwe, kwa kuwa yote hayakuenea kwa pamoja. Kwa kinanda kilichofuata njia hiyo, kuongeza RAM kulimaanisha moja kwa moja kuongeza sauti zilizo tayari kupigwa. Kronos ilibadilisha uhusiano huo, na hapo ndipo penye jibu la swali letu.

Ndani ya Kronos, rekodi kubwa hubaki kwenye SSD, na RAM hupewa vichwa vyake tu, yaani kipande kifupi cha mwanzo wa kila rekodi. Ni kama mwenye duka anayeweka bidhaa chache za kila aina rafuni na mzigo wenyewe stoo: mteja huhudumiwa mara moja kutoka rafuni, na wakati anahesabu fedha kijana ameshafika stoo. Noti ikibonyezwa, prosesa huanza kupiga kile kichwa kilichomo kwenye RAM bila kusubiri chochote, na wakati huohuo huagiza sehemu inayofuata kutoka kwenye SSD. Kabla kichwa hakijaisha, mwendelezo umeshafika, na agizo jingine limeshatumwa. Vichwa vya rekodi zote lazima viwepo, hata vya noti ambazo hazitaguswa usiku mzima, kwa sababu kinanda hakiwezi kujua kidole kitaangukia wapi wala kwa nguvu gani. Lakini vichwa havichukui nafasi kubwa. Katika mfano wetu wa rekodi 704, tukiweka kilobaiti 64 za mwanzo wa kila rekodi, ambazo ni kama theluthi moja ya sekunde ya sauti, tunahitaji takriban megabaiti 46 za RAM kwa piano yenye gigabaiti 2.7.

Binafsi naona huu ni mmoja wa mipango mizuri zaidi katika historia ya ala za kielektroniki, ila una sharti moja gumu: stoo lazima ijibu haraka kila mara, bila kukosa hata safari moja. Tuchukue sauti 100 zinazolia pamoja, jambo lisilo la ajabu kwa mpigaji anayekanyaga pedali, kwa kuwa noti zilizoachwa na vidole huendelea kulia na kila moja huendelea kudai mwendelezo wake. Sauti 100 huhitaji megabaiti 19.2 kwa sekunde, na kiasi hicho peke yake kingeweza kutolewa hata na diski kuu ya kawaida yenye sahani zinazozunguka. Tatizo ni kwamba sehemu hizo zimetawanyika mahali mia tofauti. Zikisomwa kilobaiti 64 kila safari, zinahitajika safari 293 hivi kwa sekunde. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani husubiri zaidi ya milisekunde 4 ili mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa cha kusomea, na kabla ya hapo kichwa chenyewe huhitaji milisekunde nyingine 9 hivi kusogea hadi kwenye mstari husika. Hiyo inatoa safari zipatazo 75 kwa sekunde, robo tu ya zinazotakiwa. SSD haina kitu kinachozunguka wala kusogea, na huanza kutoa data ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja, hivyo safari 300 kwake ni kazi nyepesi.

Hapo pana fundisho la moja kwa moja kwa mwenye kutaka kuongeza hifadhi. Hakuna sababu ya kutafuta SSD yenye kasi ya kushangaza na bei ya kushangaza, kwa maana milango ya SATA, yaani ya kuunganishia diski, ya ubao mama wa kizazi hicho hupitisha takriban megabaiti 300 kwa sekunde kwa juu kabisa, na kinanda kwa upande wake huhitaji sehemu ndogo tu ya hizo. SSD ya kawaida ya SATA ya inchi 2.5, iliyo mpya na ya mtengenezaji anayeaminika, ileile ambayo fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue huifunga kwenye laptopu, ina kasi ya kutosha. Sifa za kuangaliwa zaidi ni uimara wake na nafasi yake.

Na RAM je? Korg yenyewe ilipotoa Kronos X mwaka 2012 iliongeza RAM hadi gigabaiti 3 na SSD hadi gigabaiti 62, tena ikaacha nafasi ya SSD ya pili. Gigabaiti ile ya ziada ina manufaa ya kweli, kwa sababu sampuli, yaani rekodi za sauti, anazorekodi mpigaji mwenyewe papo hapo hukaa kwenye RAM, na vichwa vya makusanyo mengi huhitaji mahali pa kukaa. Lakini haiwezi kuongezwa bila kikomo. Mfumo wa biti 32 huweza kutaja anwani 4,294,967,296 za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo hutengwa kwa ajili ya vifaa vingine vya ubao, kwa hiyo atakayelazimisha chipu kubwa zaidi atakuwa amenunua nafasi isiyoweza kufikiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo RAM haiwezi kulifanya, nalo ndilo wanunuzi wengi hulitarajia: kuongeza idadi ya sauti zinazoweza kulia pamoja. Kronos ina injini tisa za sauti, yaani programu zinazounda sauti kila moja kwa njia yake, na Korg ilitangaza kikomo tofauti kwa kila moja: sauti 140 kwa HD-1 inayopiga sampuli, 200 kwa CX-3 inayoiga ogani ya umeme inayozalisha sauti kwa magurudumu yanayozunguka, 80 kwa AL-1 inayoiga sinthesaiza za analogia, na 40 tu kwa STR-1 inayokokotoa mtetemo wa waya. Tatu hizi za mwisho huunda sauti kwa hesabu badala ya kutegemea maktaba ya rekodi kubwa. Hata kinanda kikijazwa RAM na SSD hadi pomoni, STR-1 itabaki na sauti zake 40, kwa kuwa kinachoibana ni nguvu ya prosesa.

Kazi ya kufunga ni fupi kuliko maandalizi yake. Kwanza kabisa, nakala ya kila kitu kilichoundwa na mpigaji ihamishiwe kwenye diski ya nje ya USB, na diski za kurejesha mfumo ziwe mkononi kabla bisibisi haijaguswa. Sauti za nyongeza zilizonunuliwa hufunguliwa kwa msimbo unaofungamana na namba ya kinanda husika, hivyo misimbo nayo iandikwe na kutunzwa. Kinanda chenye noti 88 kina uzito wa zaidi ya kilo 20, na kikigeuzwa kifudifudi lazima kilazwe juu ya vitu laini vilivyopangwa ili skrini, vitufe na kijiti cha kupinda sauti visibebe uzito huo. Waya wa umeme uchomolewe kabisa, na fundi aguse chuma cha bodi ili kuondoa umemetuli mwilini kabla ya kushika chipu. Aina ya RAM inatofautiana kati ya matoleo, kwa hiyo isinunuliwe kwa kukisia bali kwa kusoma iliyomo. SSD ya pili iandaliwe na kinanda chenyewe kupitia ukurasa wake wa diski, na pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kazi hiyo ifanyike kinanda kikiwa kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika katikati ya uandishi huweza kuliharibu faili zima.

Baada ya hapo kuna uamuzi mmoja wa kila siku. Kronos hukumbuka orodha ya makusanyo ya kupakiwa kila inapowashwa, na kila kusanyo linaloongezwa kwenye orodha hiyo hurefusha muda wa kuwaka, ambao tayari ni dakika mbili au zaidi hata kabla ya nyongeza. Kanisani kabla ya ibada muda huo si tatizo, lakini umeme ukiyumba katikati ya wimbo, dakika hizo ni ndefu sana. Kwa sababu hiyo, hata mwenye SSD ya gigabaiti mamia hufanya vyema kuyaacha mengi kwenye diski bila kuyaorodhesha, na kuyapakia siku yanapohitajika.