Je, wajua kwanini mtu anasaka pipa moja tu la ramu kwenye ghala zima?

Hivi ushawahi kujiuliza, ghala lina mapipa mia tano, yote yamejazwa ramu ileile kutoka mtambo uleule wiki ileile, halafu anakuja mtu na tochi anazunguka siku nzima anatafuta pipa moja? Mi nilidhani ni mbwembwe za wenye hela. Kumbe jamaa wana sababu.

Ramu ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji, ni molasi ya miwa iliyochachushwa ikakenekwa, yaani ukoo mmoja na spiriti za miwa tunazouziwa huku kwenye vichupa. Rangi na ile harufu tamu vinatoka kwenye mbao, na mbao hazifanani. Mapipa mengi ni mitumba ya Marekani, ya kama lita 200, maana kule sheria inataka bourbon (wiski yao ya mahindi) iwekwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, kwahiyo wakishalitumia mara moja wanauza, ndo linaishia Jamaica, Barbados au Trinidad. Sa pipa moja limechomwa sana, lingine limeshajazwa mara tatu limechoka, moja liko juu karibu na bati linapigwa joto mchana kutwa, lingine liko chini sakafuni kwenye ubaridi. Baada ya miaka 15 ndugu hao hata hawajuani.

Afu kuna ishu ya kupungua. Pipa limezibwa halivuji lakini linapumua, ramu inapotea kidogo kidogo kupitia kwenye mbao, wenyewe wanaita mgao wa malaika. Scotland kwenye baridi malaika wanachukua kama asilimia 2 kwa mwaka, ila Karibiani joto lote lile wanakunywa asilimia 6 au zaidi, malaika wa kule wana kiu aisee. Piga hesabu mwenyewe: lita 200 baada ya miaka 20, kwa asilimia 2 unabaki na lita 133 hivi, kwa asilimia 6 unabaki na 58. Sa mwenye kiwanda gani ataangalia mali inayeyuka miaka yote hiyo asiuze? Ndo maana pipa la zamani sana mara nyingi ni lile lililosahaulika.

Mfano unaosimuliwa kuliko yote ni Caroni, kiwanda cha Trinidad kilichokuwa kinatoa ramu nzito, ina harufu ya lami na petroli (sitanii, na watu wanaitafuta kwa hiyohiyo harufu). Serikali ndo ilikuwa mmiliki, sekta ya sukari ikaporomoka, kikafungwa 2003. Mwaka 2004 akafika Muitaliano Luca Gargano wa kampuni ya Velier, akakuta mtambo umekufa ila ghalani mapipa yapo, mengine yamejazwa 1974! Akanunua, na chupa zake leo zinagombaniwa kwenye minada. Hakuna tena atakayetengeneza hiyo ramu, kilichobaki ndo kimebaki.

Na unalijuaje pipa lenyewe? Kwanza unasoma maandishi kichwani pake, mwaka na namba, kama hayajafutika. Halafu unagonga, kama unavyogonga tikiti sokoni, unaanzia chini kabisa unapanda na ngumi au nyundo ya mbao, du, du, du, sauti imejaa, afu ghafla inakuwa tupu, hapohapo ndo ramu ilipoishia. Sauti ikikuambia ramu bado ipo, unatoa kizibo cha ubavuni, unazamisha bomba jembamba, unaziba juu kwa kidole gumba unachomoa na funda lako ndani. Wengine kabla ya glasi wanamwagia kiganjani kidogo, wanasugua mikono, spiriti inaruka inabaki harufu ya mti. Ikiwa chungu na kavu inakausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni, basi mbao zimeshaila, na hilo kosa halirudishiki, kwahiyo umri mkubwa peke yake sio sifa kama watu wanavyodhani.

Balaa zaidi ni lile pipa ulilolitafuta asubuhi yote, mwaka wenyewe, namba yenyewe, unaligonga kuanzia chini mpaka juu sauti ni moja tu. Unatoa kizibo unamulika tochi. Mkaa mweusi, pakavu, na harufu nzuri ajabu.