Transmita ya mtungi: yanayosemwa Nairobi na yanayotokea baharini

Nairobi haina bahari, lakini wazamiaji inao. Wanajifunzia kwenye mabwawa ya kuogelea ya mjini, kisha wikendi ndefu ikifika wanapanda treni ya SGR au ndege kushuka Pwani: Diani, Watamu au Wasini. Na kwa kuwa muda wao mwingi unapita mbali na maji, nafasi ya kubishana kuhusu vifaa wanayo tele. Kinachobishaniwa zaidi siku hizi ni transmita: kile kipande kifupi kinachofungwa kwenye regulata, yaani kifaa cha kupumulia, upande wa presha kubwa, kikapima presha ya hewa iliyomo mtungini na kutuma kipimo kwenye kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi bila paipu yoyote. Kuna wanaoapa kwamba haikosei, na kuna wanaosema ni kujitafutia kifo kwa bei ghali. Kwa maoni yangu kifaa chenyewe ni cha kuaminika. Matatizo mengi yako kwenye betri, kwenye mikono inayokishika, na kwa mwenye nacho asiyejua la kufanya skrini ikinyamaza.

"Inatumia Bluetooth, ndiyo maana inakatika"

Haitumii. Bluetooth iko kwenye gigahezi 2.4, na wimbi la namna hiyo humezwa na maji ya chumvi kabla halijafika popote. Transmita nyingi hutumia masafa ya chini sana. Zile za Pelagic Pressure Systems, ambazo huuzwa kwa majina tofauti tofauti, ziko kwenye kilohezi 38. Majeshi ya majini nayo huzifikia nyambizi kwa masafa ya chini kwa sababu hiyo hiyo: masafa yakishuka, wimbi linapenya maji zaidi. Garmin wao waliacha redio kabisa, wakaamua kutuma taarifa kwa sauti, yaani sona, ambayo inasafiri mita kadhaa bila shida.

Hizi za redio hazifiki mbali. Mita moja, moja na nusu hivi, basi. Kwa hiyo ukiwa umefunga transmita upande wa kulia na kompyuta iko mkono wa kushoto, kisha ukaunyoosha mkono huo wote kumwonyesha mwenzako kasa, usishangae tarakimu zikigeuka vistari. Rudisha mkono kifuani, subiri sekunde chache, zitarudi. Transmita haitumi mfululizo, inatuma kila baada ya sekunde kadhaa, na kompyuta ikikosa ujumbe mmoja hukaa ikingoja unaofuata. Flashi ya kamera na skuta ya chini ya maji pia huweza kuvuruga mawimbi kwa muda. Huko si kuharibika.

"Ishara ikikatika uko hatarini"

Hapa ndipo wengi wanapoteza usingizi bure, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mtungi wa lita 12, na mzamiaji anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye kina cha mita 20 presha ni mara tatu ya ile ya juu, kwa hiyo anavuta lita 60. Gawanya kwa 12: mtungi unashuka bar 5 (bar ni kipimo cha presha) kila dakika. Ishara ikipotea nusu dakika, hujui habari za bar mbili na nusu. Hata geji ya sindano, ile ya kawaida yenye paipu, wengi hawaiangalii kila nusu dakika.

Tuseme sasa imekatika moja kwa moja, na mara ya mwisho uliona bar 120. Kupanda kutoka mita 20 kwa mwendo wa taratibu, pamoja na kusimama dakika tatu kwenye mita 5, kutakula bar 20 hivi kwa mzamiaji huyo huyo. Hewa ipo. Mpe mwenzako ishara, muonyeshe skrini, mpande pamoja. Ambacho hakifai ni kuendelea kuzunguka miamba dakika kumi zaidi kwa matumaini kwamba itawaka tena. Transmita ikinyamaza na huna geji nyingine, mbizi hiyo imekwisha, hata kama umelipia boti ya siku nzima.

Mimi ningemshauri mgeni abaki na geji ndogo ya paipu pembeni. Wapo watakaokwambia hiyo ni kuongeza kitu kingine cha kuharibika, na si waongo: geji ya sindano nayo hukwama, na pale inapoungana na paipu yake oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, huchoka ikaanza kutoa mapovu. Lakini vifaa viwili kuharibika siku moja ni nadra.

"Ikivunjika, mtungi unaisha papo hapo"

Hofu hii inatokana na kusikia neno presha kubwa. Ni kweli transmita inakaa upande wenye bar 200, lakini kitundu kinachopitisha hewa kuja kwake kwenye regulata ni chembamba kama tundu la pini, na kimefanywa hivyo makusudi. Kikivuja utasikia kelele nyingi na kuona mapovu mengi, ila mtungi unashuka kwa kiasi unachoweza kukipangia. Cha kuogopa zaidi ni paipu ya presha ndogo, ile inayokwenda mdomoni au kwenye jaketi la kuelea. Hiyo ina bar 10 hivi juu ya presha ya maji, ila tundu lake ni pana. Ikipasuka inamwaga mtungi upesi kuliko ile ya presha kubwa. Wachache sana wanaziogopa paipu hizo kama wanavyoiogopa transmita.

Kinachoivunja transmita mara nyingi ni mikono. Nenda ufukweni Diani asubuhi uangalie mitungi ikipakiwa botini: regulata imeshafungwa, baharia anainama, anatafuta pa kushika, na kitu kilichochomoza vizuri kabisa kwa kiganja ni transmita. Anainua kilo kumi na tano kwa kipande ambacho hakikutengenezwa kubeba hata chupa ya maji. Mwambie mapema, kwa adabu: "Kapteni, naomba usishike hapo, shika kwenye vali." Hakuna atakayekukasirikia. Wengine huifunga kwenye kipaipu kifupi ili isichomoze. Inasaidia, ila umeongeza maungio mengine yenye oringi.

"Ilikuwa inadanganya, nimeingia majini ikashuka bar kumi"

Haikudanganya. Mtungi uliokaa kwenye jua botini hadi hewa yake ikafika nyuzi 45, kisha ukatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 27, utashuka kutoka bar 212 hadi 200 bila wewe kuvuta pumzi hata moja. Hewa ikipoa, presha inashuka, bar 0.7 hivi kwa kila nyuzi moja. Sindano ingeonyesha hivyo hivyo, ila wengi hawalioni kwa kuwa haionyeshi kila bar kwa tarakimu.

Tarakimu zina ubaya wake. Namba 147 inaonekana ya uhakika kuliko sindano iliyo karibu na 150, lakini geji mbili nzima kabisa huweza kutofautiana bar kadhaa kwenye mtungi mmoja. Na zile "dakika zilizobaki" ambazo baadhi ya kompyuta huonyesha ni makisio yanayotokana na ulivyovuta dakika chache zilizopita. Ukikutana na mkondo Wasini ukaanza kupiga mapezi kwa nguvu, makisio hayo yanabaki nyuma yako.

Kuna jambo moja ambalo kwalo sindano inaishinda transmita kweli. Vali ya mtungi ikiwa haijafunguka vizuri, sindano inacheza kila unapovuta: inashuka, inapanda. Transmita inayotuma kila baada ya sekunde kadhaa inaweza kuupita mchezo huo bila kuuona. Kabla ya kuruka, fungua vali mwenyewe, vuta pumzi nne tano nzito huku ukiangalia skrini, kisha hakikisha tena kwa mkono kwamba vali imefunguka.

"Betri hudumu miaka"

Hudumu saa nyingi za kuzama, mara nyingi zaidi ya mia, na hapo ndipo watu husahau ipo. Aina nyingi hutumia CR2, betri ya lithiamu ya volti 3. Lithiamu ina tabia ya kushikilia nguvu zake karibu hadi mwisho, halafu inaanguka ghafla, kwa hiyo onyo la betri ndogo likitokea, usiseme utabadilisha ukirudi Nairobi. Transmita huamka inapopata presha na kulala presha ikiondoka. Ukiacha mtungi wazi mchana kutwa kwenye kibanda cha vifaa, inatuma mchana kutwa. Nunua betri kabla ya safari, kwa muuzaji unayemwamini. Luthuli Avenue utapata za kila aina, zikiwemo ambazo hazifai kuwekwa hata kwenye tochi. Unapobadilisha, angalia oringi kwenye mwanga mzuri. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji.

"Nairobi iko juu, itavuruga vipimo"

Tofauti ya presha ya hewa kati ya Nairobi na Pwani ni bar 0.2 hivi. Kwenye mtungi wa bar 200 hiyo hata haionekani. Mwinuko wa Nairobi, mita 1,700 na zaidi, unamhusu mwili wako: DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa kabla ya kupanda ndege, na ushauri huo unahusu mwinuko wa Nairobi pia, hata ukija kwa treni.

"Zote zinaongea lugha moja"

Hili linakula pesa za watu. Kila transmita ina namba yake, ndiyo maana kompyuta yako haisomi mtungi wa mwenzako mkiwa bega kwa bega. Lakini chapa nazo zimetengana: Suunto na Scubapro kila mmoja ana mfumo wake, Garmin wanatumia sauti, na Shearwater inasoma zile za familia ya kilohezi 38. Kwa hiyo kabla hujamtumia binamu aliye Uingereza pesa akununulie iliyo nafuu, mtumie kwanza picha ya kompyuta yako aende nayo dukani.