Mjusi wa Tendaguru: mifupa ile ile, sura tofauti

Watanzania wengi wamewahi kumsikia "mjusi wa Tendaguru", hasa kila mjadala wa kumrudisha nyumbani unapoibuka. Mwenyewe yuko makumbusho Berlin, Ujerumani, kimo chake mita 13.27. Wataalamu humwita Giraffatitan brancai, dinosaria mla majani aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Lindi. Wageni wa makumbusho hupenda kuuliza: kama hakuna binadamu aliyemwona, hizo picha zake zimetoka wapi?

Zimeanzia kwenye mifupa. Kati ya 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani Werner Janensch, Edwin Hennig na baadaye Hans Reck waliongoza uchimbaji kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi, lakini jembe na nyundo vilishikwa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe, vilifungwa kwa mianzi na udongo, vikabebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Heshima iliyochelewa mno, kwa maoni yangu.

Hakuna mnyama mmoja aliyepatikana mzima. Kiunzi cha Berlin kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na pingili nyingi za shingo na mgongo ni nakala za plasta, kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu. Kwa hiyo hata kabla mchoraji hajashika brashi, kuna mtu ameshaamua mfupa gani ukae wapi. Kiliposimamishwa 1937, viwiko vilitazama nje kama vya mamba na mkia uliburuta chini. Kilipojengwa upya na kufunguliwa tena 2007, miguu ilinyooka chini ya mwili kama ya tembo, mkia ukainuliwa.

Kosa lililodumu zaidi lilikuwa la ziwani. Tundu kubwa la pua kwenye fuvu liko juu, karibu na macho. Wachoraji wakamzamisha mnyama kwenye maji marefu, kichwa tu kikiwa nje, akipumua. Ilionekana pia kwamba mwili mkubwa namna ile ulihitaji maji ya kuubeba. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kwamba katika kina kile shinikizo la maji lingeyabana mapafu asiweze kuvuta hewa. Picha za ziwani ziliendelea kuchapwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2001 Lawrence Witmer alilinganisha dinosaria na wanyama walio hai, akahitimisha kwamba matundu ya pua yenyewe, yale ya nyama, yalikuwa mbele karibu na mdomo.

Uzito nao ni mchoro wa aina yake. Mwaka 1962 Edwin Colbert alipima ujazo wa sanamu ndogo ya mnyama huyu kwa kuizamisha kwenye mchanga, akapata tani 78. Mwaka 1980 wataalamu wengine, kwa njia tofauti, hawakufika hata tani 15. Mnyama ni huyo huyo! Sanamu ya Colbert ilikuwa nene kupita kiasi, na mikono ya mchongaji ikageuka kuwa takwimu ya kisayansi. Hesabu ya Michael Taylor ya 2009 ilitoa tani 23 hivi.

Rangi ya ngozi yake ni chaguo la mchoraji. Kwa dinosaria wachache wenye manyoya, kama Sinosauropteryx wa China, chembe za rangi zilizohifadhiwa kwenye mwamba ziliwezesha watafiti kusema 2010 kwamba mkia ulikuwa na mistari ya rangi ya kahawia-nyekundu na nyeupe. Tendaguru imetupa mifupa tu.

Na bado sura zinabadilika. Kwa muda mrefu ndugu wa mapema wa dinosaria walichorwa wadogo, wakikimbia kwa miguu miwili. Kisha 2017 akatangazwa Teleocrater, mmoja wa ndugu hao, kutoka bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania, ambaye mifupa yake ya kwanza iliokotwa 1933 na mingine 2015. Alikuwa mrefu, wa miguu minne, mwenye kifundo cha mguu kama cha mamba. Wachoraji wamelazimika kuanza upya.