Jina jipya kwenye bima ya marehemu

Wiki iliyopita walikuja ofisini ndugu watano wa marehemu mmoja. Mkubwa wao, baada ya shikamoo na marahaba, hakungoja hata kiti. "Mwanangu, sisi hatuna maneno mengi. Jina la huyo mwanamke limeingizwa mwezi wa tatu, mdogo wangu kafa mwezi wa tano. Unataka ushahidi gani tena?"

Kazi yangu hapa Dar ni kuchunguza madai ya bima ya maisha, na kauli hiyo nimeizoea. Msibani huwa imeshazunguka jamvi zima kabla maiti haijatoka Muhimbili. Nawaelewa. Ila tarehe mbili zilizokaribiana ni ushahidi mwepesi kuliko watu wanavyodhani.

Watu hubadilisha wanufaika, yaani watu walioandikwa kulipwa bima, kila siku. Mtoto kazaliwa, ndoa imevunjika, mama aliyeandikwa enzi za ukapera katangulia mbele ya haki. Halafu kuna hili ambalo ndugu hulisahau: mtu akishaambiwa pale Ocean Road kwamba saratani imesambaa, ndipo anapokumbuka kupanga mambo yake. Fomu inabadilishwa, miezi miwili baadaye anazikwa, na hakuna aliyemgusa.

Kwa hiyo tarehe naisoma mwisho. Naanza na fomu yenyewe, karatasi halisi, maana nakala ya skana huficha wino. Mtu aliyezoea kusaini, mkono wake hukimbia: kalamu inashuka na kunyanyuka bila kufikiri. Sahihi ya kughushi hutambaa. Ukiishika karatasi chini ya taa unaona wino umejikusanya kwenye kona, mahali kalamu iliposimama kutafuta njia, kama mgeni anayetaka kuvuka barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni. Lakini mkono wa mgonjwa nao hutetemeka. Ndiyo maana nalinganisha na sahihi za miezi ileile, kwa mfano ile aliyoweka hospitalini akikubali upasuaji, si ya kitambulisho cha miaka kumi nyuma. Nikibaki na shaka, hiyo si kazi ya macho yangu tena. Kuna wataalamu wa maandishi kwenye maabara ya Jeshi la Polisi.

Kisha nauliza fomu ilitembeaje. Nani aliifuata kwa wakala, nani aliijaza, shahidi ni nani, ilipigwa muhuri wa kupokelewa siku gani? Namba ya simu ya mteja nayo ilibadilishwa wiki hiyohiyo, ili ujumbe wa uthibitisho uende kwa mwingine? Na ada nani alilipa? Bima iliyolala miezi minane, ghafla inafufuliwa kwa malipo kutoka laini isiyo ya mwenyewe: hiyo hunikosesha usingizi kuliko jina jipya. Kobe hapandi mti; ukimkuta juu, kuna aliyempandisha.

Swali ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: nani alijua? Mnufaika mpya asiyejua kwamba ameandikwa hana sababu ya kuua kwa ajili ya fedha hizo. Aliyeondolewa bila kuambiwa bado anaamini fedha ni zake. Nimewahi kushika jalada ambamo mdogo wa marehemu alikuwa mnufaika kwa miaka tisa, kisha akafutwa kimyakimya. Wote walimkazia macho mjane. Mjane alisikia habari za bima kwa mara ya kwanza kutoka kwangu. Mdogo mtu ndiye aliyepiga simu kuuliza malipo yanatoka lini, siku mbili baada ya mazishi. Simu hiyo haikumfanya muuaji. Ila iliwafanya wapelelezi waanze kumuuliza na yeye alikuwa wapi usiku ule, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Mara nyingine hakuna mabadiliko yoyote ya kuchunguza. Nomia Rosemary Ndlovu, askari polisi wa Afrika Kusini aliyehukumiwa 2021 kwa kuua mpenzi wake na ndugu zake watano, hakuhitaji kubadilisha mnufaika. Aliwakatia bima na kujiandika mwenyewe, akavuna takriban randi milioni 1.4. Ukitafuta fomu ya mabadiliko tu, mtu wa namna hiyo atakupita mlangoni.

Ndugu wengi pia huamini kampuni inaombea iwe mauaji ili ibaki na fedha. Hapana. Mwaka 1889, huko Liverpool, Florence Maybrick alitiwa hatiani kwa kumuua mumewe James kwa sumu. Mume alikuwa na bima ya pauni 2,000 kwa faida ya mke. Kampuni ilikataa kulipa, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaamua kwamba mke hawezi kufaidika na kosa lake, lakini fedha ni za mirathi ya marehemu. Kesi hiyo, iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1892, si hadithi ya mbali kwetu: sheria yetu iliipokea "common law" ya Uingereza, yaani sheria itokanayo na maamuzi ya mahakama, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Muuaji akiondolewa, kampuni haibaki na fedha hizo. Zinashuka kwa msimamizi wa mirathi.

Hapo katikati, upelelezi ukiendelea, tunasitisha malipo. Vipimo vya sumu viko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jalada liko polisi, na mimi nabaki kujibu simu za watu wenye hasira. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya mahakama, mimi si wa kuisemea.

Nikarudi kwa mzee wangu. Nikamuuliza, huo mwezi wa tatu mliujuaje, wakati kampuni haijawaandikia barua? Akasema siku ya arobaini, wakigawa nguo za marehemu, walikuta karatasi yenye muhuri ndani ya begi, imekunjwa kwenye bahasha.

"Bahasha mnayo?"

Wakatazamana. Mmoja akasema huenda watoto waliichezea. Nikawaomba warudi nyumbani waitafute, na begi walilete pia.