Huenda si uzee, ni moyo

Bibi wa miaka 80 ameamka akihema, jasho la baridi likimtoka, chai hataki. Kifua hakimuumi. Nyumbani wanasema ni uzee, wanampa dawa ya asidi na kumsubiri mwanawe arudi jioni. Akifikishwa kwetu hospitalini usiku, sehemu kubwa ya msuli wa moyo imeshakufa.

Tumezoea kudhani mshtuko wa moyo ni mtu kujishika kifua na kuanguka. Kwa mzee, hasa mwenye kisukari cha muda mrefu, huweza kuja bila maumivu yoyote: pumzi inambana, anatapika, anazimia, au ghafla anaanza kuchanganya maneno. Presha ikishuka sana na mikono ikawa ya baridi, moyo unashindwa kusukuma damu. Wanaofikia hapo wengi hatuwaokoi, hata tukiwa na kila kifaa.

Hospitalini, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kikionesha mshipa unaolisha moyo damu umeziba kabisa, tiba bora ni kuuzibua kwa tundu dogo, kama inavyofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkononi, puto hupanua palipoziba, stenti (kijibomba cha wavu wa chuma) huachwa hapo kuushikilia mshipa wazi. Kama kufika kwenye huduma hiyo kutachukua zaidi ya saa 2, hutolewa kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mradi dalili hazijapita saa 12 na mgonjwa hana hatari kubwa ya kuvuja damu. Tenekteplezi, mojawapo ya dawa hizo, mwenye miaka 75 na kuendelea hupewa nusu dozi, tukihofia damu kuvujia kwenye ubongo.

Hapo ndipo ndugu huuliza: “Daktari, kwa umri huu ataweza kweli?” Swali la haki. Ila umri peke yake haunizuii. Nataka kujua figo zake zikoje, maana dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha huzielemea, na wiki iliyopita alikuwa akienda msikitini au kanisani kwa miguu yake au alikuwa wa kubebwa. Mshipa ukiwa umeziba kwa sehemu tu, hatukimbilii tundu dogo kwa kila mzee. Utafiti wa SENIOR-RITA wa Uingereza, uliofanywa kwa wagonjwa 1,518 wa miaka 75 na zaidi na kutolewa mwaka 2024, ulionesha kwamba njia hiyo ilipunguza mishtuko iliyofuata, lakini haikupunguza vifo.

Mkija, leteni dawa zake zote kwenye mfuko, na zile za maumivu ya magoti msizifiche: nyingine huumiza moyo na figo. Leteni pia miwani yake. Mzee asiyeona vizuri huchanganyikiwa haraka wodini, akaanza kung'oa dripu, na sisi tunataka akishatulia aanze kukaa kitini, asilale wiki nzima.